Gusa miguu kwanza: kwa muuguzi mpya wa watoto wachanga huku kusini

Kila wakipangwa wauguzi wapya mikoa yetu, simu yangu hujaa. "Dada, kozi gani inalipa?" "Sista, nikitaka ubingwa wa watoto nianzie wapi?" "Shangazi, ni kweli Marekani muuguzi anaandika dawa mwenyewe?" Nimefanya kazi na watoto wachanga Mtwara na Lindi miaka 16, zaidi ya nusu yake kwenye hospitali za wilaya. Swali la kozi nitalifikia. Kwanza nianze na nyayo.

Nilipoajiriwa nilikuwa na stashahada mpya na sare iliyopigwa pasi. Zamu yangu ya tatu ya usiku nilipangwa na mama mmoja mhudumu wa wadi, darasa la saba, amebakiza miaka michache astaafu. Kabla hajaweka hata mkoba wake chini, alipita kitanda kwa kitanda akigusa nyayo za watoto kwa mgongo wa mkono. Kwa mtoto wa nne akasimama. "Mwanangu, huyu miguu imepoa. Tumbo bado." Mimi nilikuwa nimeshajaza joto lake kwenye chati, 36.6, nimeridhika. Nikapima tena kwa shingo upande. 35.9.

Joto la mtoto mchanga linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, mtoto ndiyo kwanza anaanza kupoa. Vyote viwili vikiwa baridi, umechelewa. Njiti (mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia) wa kilo 1.5 anayepoa anaichoma sukari yake ili ajipashe, sukari inashuka, kupumua kunaanza kusuasua, na asubuhi kwenye ripoti unaandika "alibadilika ghafla". Wageni wengi wanaotoka mikoa ya baridi hudhani Mtwara hakuna mtoto anayepoa, kwa joto hili letu. Nenda Newala, juu kule, usiku wa Julai, halafu uniambie. Na hata hapa mjini pwani, feni ikimpiga mtoto ambaye nepi yake imelowa, inatosha.

Nimeanza na mama yule kwa sababu kila nilichopata baadaye katika kazi hii, kuanzia kozi na semina hadi kuaminiwa na madaktari, kilitokana na tabia niliyoiiba kwake: kumtazama mtoto kabla sijatazama karatasi. Wauguzi wapya wengi wana haraka ya cheti cha pili wakati jicho la kwanza halijafunguka.

Kuna sista mmoja Mwingereza aliyeitwa Jean Ward, msimamizi wa wadi ya njiti katika hospitali ya Rochford, Essex. Alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua. Mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima isipokuwa kipande cha pembetatu, ambacho kilibaki na rangi ya manjano kali. Pale ndipo kona ya shuka ilipokuwa imemfunika. Mwanga ulikuwa unaondoa manjano, ule ugonjwa wa watoto wachanga kugeuka rangi ya njano ngozi na macho! Hapo ndipo ulipoanzia utafiti uliotuletea taa zile za buluu tunazowawekea watoto leo. Makala ya kitaalamu ilitoka mwaka 1958 katika jarida la Lancet, waandishi watatu, na sista hakuwa mmoja wao. Kwa hiyo ukiona kitu, kiandike kwenye faili, weka saa, tia saini, na jina lisomeke.

(Hili lisieleweke vibaya. Usimruhusu mama mwenye mtoto wa manjano ukamwambia "kamwanike juani asubuhi". Manjano yaliyotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, ni ya kulazwa, kupimwa damu na kuwekwa kwenye taa.)

Sasa hesabu. Hapa nitajianika mwenyewe. Mwaka wangu wa pili, hospitali nisiyoitaja, nilikuwa na njiti wa kilo 1.4 wa kupewa gentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, miligramu 3 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 4.2. Kichupa kilikuwa cha miligramu 80 ndani ya mililita 2, maana yake kila mililita ina miligramu 40, kwa hiyo mtoto alistahili kama mililita 0.1. Mimi nikavuta 1. Ilikuwa saa 10 alfajiri, peke yangu, watoto 19. Bomba la sindano lilikuwa tayari mkononi, mtoto nimeshamshika, ndipo mwenzangu wa wadi ya wazazi akaingia kuazima kipimajoto. Akatazama bomba, akaniuliza, "Hiyo yote ya nani?" Miguu ilinilegea. Gentamisini mara kumi inaweza kumharibu mtoto figo na masikio, na mama yake angerudi Tandahimba bila kujua kwa nini mwanawe haitiki anapoitwa.

Tangu siku ile, kichupa cha 80 nakiongezea maji ya sindano mililita 6 ili zitimie 8, kila mililita ibaki na miligramu 10. Hapo mtoto yule angepata 0.42, kiasi kinachoonekana kwa macho na kinachopimika kwenye bomba la mililita 1. Naandika hesabu kwenye karatasi, siipigi kichwani. Namsomea mtu mwingine kwa sauti, hata kama ni mwanafunzi. Nikiwa peke yangu nampigia simu wa wadi ya pili. Wapo watakaokucheka kwamba hujui hesabu, waache wacheke. Na ukikosea, sema usiku huohuo. Nimefanya kazi mahali ambapo kikao cha kupitia vifo vya watoto kilikuwa cha kutafuta wa kumbebesha mzigo, matokeo yake watu wakajifunza kujaza chati baada ya mtoto kufa. Ukikuta hali hiyo usiiige. Chati yako iliyojazwa kwa saa zake ndiyo wakili wako, na ndiyo itakayomsaidia mtoto anayefuata.

Kuhusu kupumua nitasema jambo moja, mengine mlifundishwa chuoni. Mtoto asiyelia baada ya kukaushwa na kusisimuliwa anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kwa ambu begi, ule mfuko wa kubana kwa mkono, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mafunzo hayo yalipoingia nchini na kupimwa katika hospitali 8, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini kule Haydom, Manyara, watafiti waligundua jambo ambalo kila mpenda semina alisome mara mbili: baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri kwenye mdoli wa mazoezi, ila kwa watoto wenyewe hakuna kilichobadilika. Mabadiliko yalikuja pale walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache kila wiki, palepale kazini. Kwa hiyo cheti cha semina kiweke kabatini, mdoli uache mezani. Kama hamna mdoli, ambu begi na barakoa yake ipo. Shika, bana, hesabu "puliza, mbili, tatu" mpaka mkono uzoee.

Mama wa njiti ni somo jingine, na hapa ndipo ugeni wa mtu unapoonekana haraka. Huduma ya kangaroo, yaani kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa kati ya nchi 5 zilizoshiriki, ulionyesha kwamba njiti wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza watulie, vifo vinapungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri saa 8 hadi 24 kila siku kwa njiti na watoto wa chini ya kilo 2.5.

Vizuri. Sasa wewe mwambie mama wa Nanyumbu akae na mtoto kifuani wiki tatu, mwezi wa kumi, korosho zinaanguka. Atakuitikia "ndiyo sista" na kesho kitanda kitupu. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilikuwa nawagombeza. Siku hizi nauliza kwanza: shamba analiokota nani? Nyumbani kuna watoto wangapi? Bibi yupo? Bibi akiwepo namwita, namkalisha, namfunga mtoto kifuani kwa kanga, kichwa kimegeuzwa upande, miguu kama ya chura. Kifua cha bibi kina joto lilelile. Baba naye anacho, ingawa wa kwetu wengi husema wanaona aibu, mpaka wauone uzito umeongezeka gramu 20 kwenye daftari. Jifunze pia salamu tatu nne za Kimakonde, Kimwera au Kiyao, kutegemea ulipopangwa. Mama akisikia umejaribu, hata ukikosea, atakwambia ukweli kuhusu dawa za kienyeji alizompaka mtoto kitovuni, ukweli ambao Kiswahili chako cha chuo hakiupati.

Haya, kozi na ajira.

Ukiwa hujaajiriwa na unajitolea, hakikisha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai na una barua yenye tarehe inayosema unajitolea idara gani. Nimeona vijana wamejitolea miaka 2 wakiondoka hata karatasi ya kuonyesha hawana. Usikubali kufanyishwa zamu nzima peke yako kwa kisingizio cha kujifunza.

Wengi huuliza kati ya hospitali kubwa na ndogo. Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, utakuta mashine na madaktari wa kuuliza. Hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao zina utaratibu mkali ambao mimi naupenda kwa mtu anayeanza. Wilayani wewe ndiye kila kitu: unapokea, unaweka mpira wa kulishia, unapunguza oksijeni. Na upunguze kweli. Njiti akiwa kwenye oksijeni tunataka kipimo cha kidoleni kisome 90 hadi 95, maana kumwachia 100 usiku kucha kunaweza kumlipa upofu. Kama ningeanza upya ningetafuta mwaka mmoja penye wakubwa wa kunisahihisha, kisha ningeomba wilaya. Mimi nilifanya kinyume chake, na watoto wa mwanzo walilipia ujinga wangu.

Kujiendeleza, subiri uthibitishwe kazini, kisha omba ruhusa ya masomo mapema na kwa maandishi. Wakati unasubiri, chagua kitu kimoja wadini ukijue kuliko wote: mashine ya kusaidia kupumua, au maziwa ya watoto wenye utapiamlo, au malaria kali, ambayo kwa mikoa yetu utaichoka. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa atesuneti, sindano ya malaria kali, miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 kama mtu mzima. Siku nafasi ya mafunzo ikija, mfawidhi atamkumbuka aliyelijua hilo bila kufungua kitabu.

Na wa Marekani wangu. Ndiyo, kule kuna muuguzi anayepima, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Kada hiyo ilianzia kwa watoto, Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford akishirikiana na daktari wa watoto Henry Silver, kwa sababu watoto wa vijijini walikuwa hawana daktari. Kwetu kazi hiyo kwa sehemu kubwa anaifanya tabibu, kwa hiyo usije ukaahidiwa cheo ambacho muundo wetu hauna. Anayetaka kwenda atahitaji mtihani wao wa leseni, Kiingereza safi, na shahada ya juu ya pale. Kwa upande wa watoto wachanga, vyuo vingi vinamtaka kwanza awe na kama miaka 2 ya kuuguza wachanga mahututi. Hata wao wanaanza na nyayo.

Mtoto atakapokufa mikononi mwako, na atakufa, usikimbilie kitanda kinachofuata. Keti na mama dakika tano, mwache amshike, muulize kama ameshampa jina, liandike hilo jina. Kisha kanawe mikono, ukamwage machozi chooni kama mimi ikibidi, urudi, maana yule wa kitanda cha pili anatakiwa kulishwa saa 9.

Siku yako ya kwanza ukifika, kabla hujaulizia nyumba wala posho, ulizia mzani wa watoto uko wapi. Uweke juu ya meza iliyonyooka, uuwashe, kisha weka paketi ya sukari ya kilo 1 isiyofunguliwa. Nilikofika mara ya kwanza mzani ulisoma kilo 1 na gramu 180, na kila dozi ya wadi ile ilikuwa inahesabiwa kwa uzito huo.