Mkeo hana ugomvi na kikapu, ana ugomvi na mkeka

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Mbezi, nina mke na watoto wawili. Tangu sekondari napenda mpira wa kikapu, hasa NBA, ligi ya Marekani. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochukuliwa huko mwaka 2009 nililia kwa furaha. Mimi ni mtu wa Lakers, na nyota wao Kobe Bryant ndiye aliyenifanya niwe hivyo. Mechi yake ya mwisho niliitazama na mke wangu, akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na alipofariki tulilia wote wawili. Siku hizi mke wangu ananiona adui. King'amuzi hataki kilipiwe. Jezi yangu namba 24, ya Kobe, kaifanya tambara la kudekia, siku ileile waliyokuja wenzake wa kikoba. Kuna hela ya kikoba nilimkopa, nusu nimesharudisha. Analala chumba cha watoto. Anauza maandazi, akiamka saa kumi alfajiri ananikuta sebuleni na hata salamu hanipi. Nami nakiri hata huo mpira hauna ladha tena. Wachezaji wanapumzishwa hovyo, kila mtu anarusha tatu, yaani zile za mbali za pointi tatu, Luka naye wamemuuza usiku watu wamelala. Juzi mchezaji wa akiba wa Charlotte alitoka robo ya pili anachechemea, amebakiza pointi mbili tu, sikupata usingizi. Kazini nimepewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Shangazi, mke anayeua furaha ya mumewe hivi, ananipenda kweli? Nimfanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa barua ya onyo, na pole kwa kulala peke yako. Pole zangu zinaishia hapo.

Nimekusoma mara ya kwanza nikitafuta kosa la mkeo, kama ulivyoniomba. Sikuliona. Nikarudia kwa kutafuta usichokiandika, na hicho kimejaa kila mstari.

Tuanze na huyo kijana wa Charlotte. Wewe ni mtu wa Lakers. Mechi za Marekani ya mashariki zikianza saa moja na nusu jioni kwao, kwetu ni saa nane na nusu au tisa na nusu usiku. Mwanamume mwenye kazi na watoto anakesha katikati ya wiki kumtazama mchezaji wa akiba wa timu ambayo si yake, na anajua zimebaki pointi mbili. Mbili za kufika wapi? Hakuwa anavunja rekodi. Hakuwa anaipeleka timu yake fainali. Kwa mtu wa Mbezi, pointi mbili za mchezaji wa benchi zina thamani mahali pamoja tu, kwenye mkeka. Unabeti, mwanangu, na ukurasa mzima umeuandika bila kulitaja neno hilo.

Halafu Luka. Februari 2025 Dallas walimtoa Luka Dončić, miezi michache baada ya kuwafikisha fainali ya 2024, wakamchukua Anthony Davis. Mashabiki wa Dallas walikusanyika nje ya uwanja wao wakiomboleza, na walikuwa na haki. Lakini Luka alikwenda wapi? Alikwenda Lakers! Alikuja kwako. Shabiki wa Lakers aliyepewa mchezaji wa kiwango kile akakaa akinung'unika, huyo hana timu tena. Timu yake ni ile aliyoiwekea hela usiku huo.

Unasema kila mtu anarusha tatu ndiyo maana ladha imekwisha. Hebu urudi kwenye ile mechi ya mwisho ya Kobe. Los Angeles ilikuwa Jumatano jioni, tarehe 13 Aprili 2016, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Alhamisi, saa kumi na moja na nusu. Kobe akafunga 60, akarusha mara 50, Lakers wakaifunga Utah 101 kwa 96. Usiku uleule, kule Oakland, Golden State walishinda mechi ya 73 ya msimu, na Stephen Curry wao akamaliza msimu na tatu 402. Kabla ya msimu ule hakuna binadamu aliyewahi kufikisha hata 300. Kwa hiyo tatu zilikuwepo tayari, tena kwa wingi ambao dunia haijawahi kuuona, na wewe ulikuwa na furaha tele. Na kuuzwa kwa wachezaji unakujua tangu zamani. Thabeet wetu alichukuliwa wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009, James Harden akiwa wa tatu na Curry mwenyewe wa saba, na kabla ya miaka miwili kutimia Memphis waliomchukua wakampeleka Houston. Uliumia kama sisi sote tulivyoumia, na bado uliendelea kuupenda mpira.

Hilo la kupumzishwa nakukubalia. Ni kero ya kweli, na ligi yenyewe imelikiri, maana tangu msimu wa 2023/24 mchezaji anatakiwa acheze mechi 65 ndipo afikiriwe kwa zile tuzo kubwa. Ila yule anayekosa usingizi kwa sababu staa kapumzishwa ni yule aliyemweka kwenye mkeka.

Sasa nirudi kwenye alfajiri ile ya mwaka 2016, maana wewe umeipitia kwa haraka na mimi sitaki kuipita. Mwanamke ana mimba. Usingizi wa mimba unajulikana ulivyo mtamu wakati wa alfajiri. Anaamka, anakaa na mumewe kumtazama Mmarekani anayestaafu, ambaye yeye hakukua naye wala hakubandika picha yake ukutani. Miaka minne haijatimia, usiku wa Jumapili ya tarehe 26 Januari 2020, zinakuja habari za ile helikopta iliyoanguka na kuwaua Kobe na bintiye Gianna na wenzao saba, na mwanamke huyohuyo anamlilia mtu aliyemfahamu kupitia kwako. Ndiye huyo unayeniambia anaua furaha yako? Huyo aliipenda furaha yako mpaka akaifanya yake. Kilichomkimbiza sebuleni ni kitu kilichokuja baadaye, na kwenye barua yako hujakitaja.

Mimi nitakitaja. Saa kumi alfajiri anaamka kukanda unga. Anapita sebuleni, anakuona umeinamia simu, uso umekauka. Hakuna kushangilia wala kuitana "njoo uone hii". Yeye anakwenda kusimama mbele ya mafuta ya moto kutafuta shilingi mia mbili mbili za maandazi, na anajua jioni shilingi hizo zitaingia kwenye simu hiyohiyo. Anakusalimu aseme nini?

Na jezi. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba aliifanya tambara siku waliyokuja wenzake wa kikoba. Wenzake wale hawakuja kunywa chai. Walifuata hela ya kikundi ambayo wewe unasema ulimkopa na umerudisha nusu. Unajua maana ya nusu kwenye kikoba? Maana yake ni kwamba mkeo amesimama mbele ya majirani, watu wanaomwamini na kumdhamini, akaonekana mwizi. Kutunza siri yako katunza, maana angesema ni wewe ungeniandikia hilo kwanza. Wageni walipoondoka akachukua kitambaa chenye namba 24 akadeki sebule. Mwanangu, katika hilo niko upande wake. Angeweza kukuaibisha kwa mama yako, kwa mchungaji au shehe wako, kwa wafanyakazi wenzako. Akachagua jezi.

Nisije nikaonekana nakutwisha mzigo wote peke yako. Kuna wakubwa waliofungua mlango huu. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa inazuia kubeti michezo katika majimbo mengi, na Julai mwaka huohuo NBA ikaingia mkataba na kampuni ya kasino ya MGM. Ligi ambayo mwaka 2007 ilitikisika kwa mwamuzi wake, Tim Donaghy, kubeti mechi alizochezesha mwenyewe, sasa inakaa meza moja na wenye kamari. Tangu hapo huwezi kutazama mechi bila kuonyeshwa namba za kubeti. Na hawakuishia kwenye nani atashinda. Wanakuuzia pointi za mtu mmoja, ribaundi zake, pasi zake, hata za yule anayecheza dakika kumi. Unaunganisha sita, watano wanapatia, mmoja anateguka kifundo, hela yote imekwenda.

Na usidhani kila anayechechemea kateguka. Aprili 2024 Jontay Porter wa Toronto alifungiwa maisha. Uchunguzi wa ligi ulikuta alitoa siri za afya yake kwa mtu anayebeti, na katika mechi moja alitoka mapema akisema anaumwa, huku mwingine akiwa ameweka dola 80,000 kwamba namba zake zitakuwa ndogo. Ndilo soko ambalo wewe, na mshahara wako wa Dar es Salaam, unaingia usiku wa manane kutafuta ada ya watoto. Mtu aliyekaa meza moja na mchezaji anajua jambo ambalo wewe hutalijua kamwe.

Ladha ya mpira imekwishia hapo. Zamani ulikuwa unatazama wachezaji kumi wote, ukaona pasi ilivyotoka, ukaona nani kazuia, ukabishana na wenzako kesho yake. Sasa unatazama namba moja inapanda au haipandi. Hata mchezo wa kupendeza namna gani hauwezi kukufurahisha hivyo, kwa sababu ukishinda unapumua tu, na ukishindwa unatafuta mechi ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kule California ili urudishe. Ndiyo hiyo ya kukuchelewesha kazini.

Niseme na wengine pia, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Ndoa za siku hizi zinaingiwa kwa kamati, michango, sendofu, ukumbi na mpambaji, na hakuna hata jioni moja ambayo wawili hao wanakaa kuulizana nani anadaiwa na nani. Zamani mshenga alijua madeni ya bwana harusi kabla ya posa kupokelewa. Leo mshenga anajua bei ya suti. Watu wanaingia nyumba moja na simu mbili zenye nywila mbili, mke ana kikoba mume hakijui, mume ana deni mke halijui, halafu tunashangaa vyumba vinatengana. Zamani mwanamume akipotea usiku walau alionekana anatoka nyumbani. Leo anapotea akiwa kwenye kochi, na mkewe akiuliza anaambiwa "natazama mpira tu". Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba nyingi zimekufa kwa maradhi ambayo dawa yake ilikuwa kusema tu.

Kwa hiyo, "ananipenda kweli?" Anakupenda kuliko unavyostahili kwa sasa. Swali la "nimfanyeje" lifute. Yeye hafanywi chochote.

Kesho usitazame mechi. Amka naye saa kumi, ukande unga. Watoto wakishakwenda shule, mweke chini umwambie jumla. Usimwambie nusu ya kikoba, mwambie jumla ya yote, pamoja na ya kazini, ya wale wanaokopesha kwa simu na ya kaka yako kama ipo. Mfungulie simu aone miamala mwenyewe. Atapiga kelele, au atanyamaza, na kunyamaza kutakuumiza zaidi. Vumilia. Akaunti za kubeti zifunge mbele yake na nywila ya simu aijue. Mshahara ukiingia, nusu ya kikoba iliyobaki ndiyo inalipwa kwanza, na uipeleke wewe mwenyewe kwa wale akina mama, useme kwa mdomo wako kwamba aliyechukua ni wewe. Hapo ndipo jina lake litasafishika. Ukiona mkono unawasha kurudi kwenye mkeka, na utawasha, nenda hospitali uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili. Maradhi hayo yana wataalamu wake.

Mpira sikuambii uuache. Ligi ya Marekani ndiyo uipumzishe msimu mzima, kuanzia Oktoba mpaka fainali za Juni, kwa sababu kwako sasa kila namba ya pale ina bei. Ila kikapu kipo Dar es Salaam. Ligi ya mkoa ikichezwa Don Bosco Upanga, mchukue mtoto wako mkubwa uende naye, simu iache nyumbani. Hao wanaocheza pale wanatoka kazini na vyuoni na wanagombea kila mpira. Mweleze mtoto pasi ni nini, zuia ni nini. Yeye alikuwepo tumboni usiku wa Kobe, na sidhani umeshamsimulia.

Mkeo usimwombe arudi chumbani. Usimwombe jezi wala king'amuzi. Akisema anataka kwenda kwao kwa muda, mpeleke mwenyewe mpaka kituoni, na ada ya watoto iwe imeshalipwa kabla basi halijaondoka.