Maswali na Majibu: Usiniulize Asilimia Ngapi, Niulize Nani Anakopeshwa

Wiki hizi simu yangu imejaa maswali ya mifuko ya hatifungani, hasa ile inayotangazwa kuwa na riba kubwa. Karibu wote mnauliza jambo moja, nani anatoa zaidi. Nimechagua maswali yanayonipa nafasi ya kusema ninachotaka kusema.

Shikamoo. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kuna kijana amekuja na mfuko anaosema unatoa asilimia 24 kwa mwaka, tena hauna hatari kwa sababu "ni hatifungani". Niweke milioni 6?

Marahaba mama. Usiweke.

Hatari unaijua kuliko huyo kijana. Giza likianza, wenye mitumbwi wawili wanakuja kwako kukopa hela ya mafuta. Mmoja mashine yake nzima, nyavu zake nzima, na miaka yote akirudi nchi kavu anakulipa kabla hajaenda kwa mwingine. Wa pili nyavu zimeshonwa mpaka zimechoka, na kambi nzima inamdai. Wa kwanza utamkopesha kwa nyongeza ndogo. Wa pili humpi mpaka akuahidi ndoo nyingi zaidi, na hata akiahidi unalala jicho moja wazi. Ndoo hizo za ziada ni bei ya uwezekano wa kutolipwa kabisa.

Hatifungani ni mkopo kama huo, ila umeandikwa vizuri na una tarehe ya kuiva. Mkopaji ni serikali, benki au kampuni. Mfuko ni kapu: meneja anakusanya fedha za watu wengi, anawakopesha wakopaji wengi, na wewe unapata vipande vya kapu lote. Kapu haliwezi kutoa zaidi ya kinacholipwa na waliomo ndani, ukitoa ada ya meneja. Sasa tazama: mwaka 2021 serikali ilipoanza kuuza hatifungani ya miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95, na watu walisema ni kubwa mno. Hatifungani ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya mwaka 2024, ya miaka 10, ni asilimia 13.5. Ya benki ya NMB iliyoitwa Jasiri, ya mwaka 2022, ilikuwa asilimia 8.5. Huyo kijana anatoa wapi 24? Ama anawakopesha wale ambao benki zote zimewakataa, ama anakulipa kwa fedha za mchuuzi mwenzako aliyejiunga baada yako. Hili la pili tulishaliona mwaka 2009 kwenye DECI, ule mchezo wa upatu, watu "wakipanda mbegu". Waliolia hawakuwa wajinga, waliacha tu kuuliza hela inatoka wapi.

Akirudi, mtake vitu vitatu. Jina la mfuko kama lilivyo kwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ukalihakikishe mamlaka kwenyewe, si kwenye kitambulisho alichovaa shingoni. Orodha ya wakopaji. Na jina la benki inayotunza mali za mfuko. Akikwambia utume hela kwa namba yake ya simu, mazungumzo yamekwisha.

Na wewe msomaji usidhani leseni inamaliza kazi. Imperial Bank ya Kenya ilikuwa benki halali, iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 2 za Kenya kwa idhini zote, na Oktoba 2015, muda mfupi baada ya kukusanya fedha hizo, ikafungwa.

Mimi ni mwalimu, Sengerema. Mwaka jana nilinunua vipande 50,000 kwa shilingi 100 kila kimoja. Nimepata gawio la asilimia 12, lakini naona bei ya kipande sasa ni 91. Wenzangu wananipongeza. Nimepata faida au hasara?

Mwalimu, umefanya vizuri kutazama bei. Wengi hutazama gawio tu, wakaenda kununua soda.

Tupige hesabu. Uliweka 5,000,000. Gawio ni 600,000. Vipande vyako sasa ni 4,550,000. Jumla 5,150,000, yaani umepata asilimia 3, si 12. Kama mfuko unatoza asilimia 1 ukitoka, toa 45,500 nyingine, na unabaki na asilimia 2 na kidogo. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 3. Kwa kifupi, fedha zako zimesimama palepale. Ukiambiwa mfuko "unatoa 12", jibu: na kipande je?

Swali kubwa sasa ni kwa nini bei imeshuka, kwa sababu kuna kushuka kunakorudi na kusikorudi. Riba sokoni ikipanda, hatifungani za zamani hushuka bei, maana mpya zinalipa zaidi. Yenye riba ya asilimia 10 na miaka 10 mbele yake, soko likianza kudai 12, itauzwa kama 88.7 kwa kila 100. Mkopaji yupo salama, analipa, na kadiri siku ya kuiva inavyokaribia bei inajivuta kurudi 100. Hiyo unaweza kuivumilia. Kinyume chake pia hutokea: walionunua ile ya 15.95 walinufaika serikali ilipoanza mwaka 2022 kuuza mpya za miaka 25 kwa asilimia 12.56, maana ya kwao ikawa lulu.

Kushuka kusikorudi ni pale mkopaji mmoja ndani ya kapu ameanza kushindwa kulipa. Hapo thamani imekufa. Na kuna la tatu ambalo mameneja hawapendi kuulizwa: mfuko umeahidi gawio kubwa kuliko riba inayoingia, kwa hiyo unawalipa kwa kuwakatia mtaji wenu wenyewe. Waandikie barua uulize ni lipi kati ya haya matatu. Taka pia riba iliyoingia mwaka mzima na gawio lililotoka. Gawio likizidi riba, umepata jibu.

Mfuko upi ni bora kwa sasa? (Nyegezi, Igoma, Usagara, Pasiansi, watu saba.)

Sijibu tena swali hili mpaka mseme fedha hizo mtazihitaji lini.

Kikundi chetu cha kukopeshana, Buzuruga, kina milioni 30. Tumelinganisha mifuko miwili. Mmoja bei yake inapanda polepole kila mwezi, haijawahi kushuka. Wa pili unapanda na kushuka. Wajumbe wanataka wa kwanza kwa sababu ni mtulivu.

Waambieni wajumbe wasubiri. Utulivu huo unatoka wapi? Kama mfuko umejaa dhamana za serikali za muda mfupi na amana za benki, utulivu ni wa kweli. Lakini kama umejaa mikopo ya kampuni isiyouzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, hakuna bei ya soko ya kuisoma kila siku. Meneja anaandika thamani ileile aliyonunulia, anaongeza riba, mwezi unaisha. Ziwa linaonekana kama kioo kwa sababu hakuna aliyechungulia chini. Siku kampuni moja inaanguka, bei inashuka mara moja kwa kishindo, na wa kwanza kupata habari wanakuwa wameshatoka.

Ulizeni hivi, kwa maneno haya haya: hatifungani zisizo na bei ya soko mnazithaminisha vipi, na mkaguzi wa nje amesema nini kuhusu hilo? Mfuko wa pili unaoonyesha kushuka kwake huenda ndio mkweli zaidi. Tazameni ulishuka kiasi gani katika miezi 12 mibaya kuliko yote, na ulichukua muda gani kurudi. Kwangu namba hizo mbili zina uzito kuliko wastani wa miaka mitano.

Halafu tazameni mkopaji mkubwa kuliko wote ana asilimia ngapi ya kapu. Akiwa na 20, mmekopesha mtu mmoja milioni 6 kati ya 30 zenu bila kukaa kikao.

Dada yangu anaishi Minnesota. Anataka tuchange kwenye mfuko wa Marekani wa hatifungani za kampuni za riba ya juu. Una nyota nyingi za wapima mifuko na mwaka jana ulitoa asilimia 9. Nitaupimaje? (Igoma)

Hili ni swali nililokuwa nalisubiri, mdogo wangu. Kule mfuko wa riba ya juu ni aina inayojulikana, ina historia ndefu, na historia hiyo inasomeka. Nyota ziweke pembeni, zinahesabu yaliyopita.

Anza na madaraja. Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, humpa mkopaji daraja. Kuanzia BBB- kwenda juu ni wakopaji wanaoaminika. BB+ kushuka ndio hawa wa riba ya juu. Lakini kati ya BB na CCC kuna umbali mkubwa. BB ni kampuni yenye madeni inayopumua, CCC ni kampuni inayohitaji mambo yaende vizuri ili isianguke. Mifuko miwili yenye jina lilelile inaweza kuwa tofauti kabisa, mmoja umejaa BB, mwingine umepakia CCC ili ung'are mwaka mzuri. Tafuta jedwali la madaraja kwenye taarifa ya mfuko kabla ya kutafuta asilimia.

Kisha tazama mwaka mbaya. Mwaka 2008 soko zima la hatifungani hizi Marekani lilipoteza takribani asilimia 26, wakati hatifungani za serikali yao zilipanda. Mwaka 2009 likapanda takribani 57. Aliyeweka 100 na kutulia alishuka mpaka 74, kisha akafika kama 116. Aliyeogopa akauza Desemba 2008 alibaki na 74 zake. Ndiyo maana nasema mifuko hii ina jina la hatifungani na tabia ya hisa, kwani uchumi ukiyumba huanguka pamoja na hisa. Hata mwaka 2022, kampuni zikiwa bado zinalipa, ilipoteza kama asilimia 11 kwa sababu riba zilipanda.

Tatu, piga hesabu ya wasiolipa. Tuseme mfuko una wakopaji 100 wa asilimia 9, na wanne wakafilisika, kila mmoja akarudisha 40 kati ya 100. Umepoteza 2.4 ya mtaji, na 0.36 ya riba yao. Ada ni 1. Zile 9 zimebaki kama 5.2. Ilinganishe hiyo na hatifungani za serikali, uone kama nyongeza inalipa usingizi wako. Na ukiulinganisha mfuko na mingine, linganisha na ya aina yake, kwa miaka ileile. Kuulinganisha na akaunti ya akiba ya benki ni kulinganisha mtumbwi na gati.

Mwisho, wewe unakula kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600, kisha shilingi ikapata nguvu tena mwishoni mwa mwaka huo. Mizunguko hiyo inaweza kumeza riba ya mwaka mzima, au kuiongeza. Na mkubaliane kwa maandishi na dada yako vipande vya nani ni vingapi. Undugu hauhesabu asilimia.

Fedha zangu kwenye mfuko zina bima kama za benki? (Ilemela)

Hazina. Kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, mpaka shilingi milioni 7.5, ni ya amana za benki tu.

Mfuko ukiwa na hatifungani za serikali peke yake, hakuna hatari, sivyo? (Capri Point)

Sivyo. Bei inashuka riba ikipanda, nimeshaeleza kwa mwalimu. Na serikali nazo hushindwa: Ghana, Desemba 2022, iliwataka wenye hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na walioweka akiba kwenye mifuko wakaumia. Sisi hatujafika huko, na Machi 2024 Moody's, kampuni nyingine ya kupima wakopaji, ilitupandisha daraja kutoka B2 kwenda B1. Lakini ujue B1 kwenye ngazi yao ya kimataifa bado ipo upande wa riba ya juu.

Nimestaafu, nipo Nansio, Ukerewe. Nimelipwa kiinua mgongo na wakala ananisubiri mjini nikaweke chote kwenye mfuko wa hatifungani wa riba kubwa, niishi kwa gawio. Nije?

Shikamoo mzee wangu. Chote, hapana.

Niliwahi kuweka fedha kwenye mfuko mmoja, na mama yangu alipolazwa nikaomba kutoa. Waliniambia siku kumi za kazi. Zikawa wiki sita. Fedha zilikuja zote, lakini matibabu nilikuwa nimeyalipia kwa mkopo wa mtaani, na gawio la miaka miwili likaishia huko. Sikuwa nimesoma kifungu kinachompa meneja haki ya kuchelewesha wanaotoka wakiwa wengi. Hata Marekani, Desemba 2015, mfuko wa Third Avenue Focused Credit ulisimamisha kabisa kurudisha fedha za watu, kwa sababu alichokopesha meneja hakikuwa na mnunuzi.

Matumizi ya miaka miwili yaache benki, tena kwenye benki unayoweza kuifikia bila kuvuka maji. Sehemu ya pili iweke kwenye dhamana za serikali au mfuko wake. Kikibaki kidogo ambacho kikipotea robo yake hutauza shamba, hicho ndicho cha riba kubwa.

Na huyo wakala mwambie akutumie kwa simu taarifa ya mwezi ya mfuko, ukurasa wenye orodha ya waliokopeshwa. Nitumie na mimi, nitausoma pamoja nawe. Akisema hana ukurasa huo, usipande meli.