Bastola ya Mke Wangu Iwe Ndogo Kiasi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Houston, Texas, na sote wawili ni wakaazi wa kudumu. Mke wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku, naye hutoka hospitalini alfajiri na kuvuka peke yake maegesho ya magari yenye giza. Nimekusudia kumnunulia bastola ya kubeba iliyo nyepesi, isiyomuumiza mkono wala kumlemea. Muuzaji ananishauri nichukue iliyo ndogo kuliko zote dukani, au rivolva nyepesi ya risasi tano, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka. Naomba ushauri kabla sijalipa.
Msomaji, Houston

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu ushauri uliopewa ndio ambao wanaume wengi hupewa wanapowatafutia wake zao silaha, nao huwaletea wake hao maumivu. Bastola iliyo ndogo mno ni rahisi kubeba, lakini ni ngumu kupiga. Risasi ile ile ikifyatuliwa kutoka bastola nyepesi humrudishia mpigaji kishindo kikali zaidi kuliko ikitoka kwenye bastola nzito, na kitako kikiwa kifupi, kidole cha mwisho hubaki kikining'inia hewani bila pa kushika.

Miaka kadhaa iliyopita nami nilimchagulia mke wangu bastola kwa kuitazama tu ilivyo ndogo na nzuri. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha alipiga mara tatu, akaiweka mezani taratibu, akaanza kusugua ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo tayari ilikuwa imekuwa nyekundu. Hakulalamika, lakini hakuigusa tena, na silaha ambayo mwenyewe haifanyii mazoezi ni hatari ndani ya nyumba bila faida yoyote.

Rivolva ya risasi tano ina sifa zake: haina magazini (kisanduku cha risasi kinachoingizwa kwenye kitako), haihitaji kukokiwa, na haikwami kwa urahisi. Hata hivyo, triga ya rivolva hizi ndogo huhitaji nguvu inayokaribia kilo tano na nusu kila risasi, wakati rivolva yenyewe, kwa mfano Smith & Wesson 642, ina takriban gramu 410 tu. Mkono usiozoea hutetemeka na kuuvuta mtutu pembeni kabla risasi haijatoka. Ningeweka mbele yake mbili nyingine zenye uzito wa takriban nusu kilo kila moja. Ya kwanza ni Smith & Wesson Shield EZ ya risasi za saizi iitwayo .380, iliyotoka mwaka 2018, inayobeba risasi nane kwenye magazini na iliyoundwa makusudi ili iwe nyepesi kukoki. Ya pili ni SIG Sauer P365 ya milimita 9, ya mwaka huo huo, ambayo magazini yake ya kawaida hubeba kumi. Risasi za milimita 9 kwa kawaida ni nafuu kuliko za .380, na bei hiyo ndiyo itakayoamua atafanya mazoezi mara ngapi.

Lakini mimi sijauona mkono wa shemeji yetu, na hata wewe unayeujua usiuchagulie. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola, kwa hiyo nendeni pamoja, mwalimu awepo, naye ajaribu tatu au nne. Aikoki mwenyewe mara kadhaa ikiwa tupu, aone kama kidole kinaifikia triga bila kiganja kuhama, kisha apige risasi za kutosha mpaka mkono uanze kuchoka. Mtazame macho kuanzia risasi ya kumi hivi: akianza kuyafumba kabla ya kufyatua, bastola hiyo si yake. Akipata inayomfaa, ainunue kwa jina lake. Sheria inakuruhusu kumpa zawadi ya kweli, lakini ukitumia fedha zake na kujaza katika Fomu 4473, ile fomu ya serikali kuu ambayo mnunuzi wa silaha hujaza dukani, kwamba unajinunulia mwenyewe, umetoa tamko la uongo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2014 kwamba hilo ni kosa hata pale anayenunuliwa angeruhusiwa kununua mwenyewe.

Fikirieni pia mavazi. Suruali ya muuguzi hufungwa kwa kamba, haina mshipi wa kushikilia ala kiunoni, na mkoba wa mkononi huwekwa chini popote, ambapo mtoto anaweza kuufungua. Kama mna watoto, nunueni sanduku la kufuli siku ile ile ya kununua silaha. Huko Texas, kumwachia mtoto aliye chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bastola yenye risasi ni kosa kisheria. Na kama nyumbani kuna mtu aliyezama katika huzuni au ugomvi usiokwisha, nakusihi uahirishe jambo hili, kwa kuwa zaidi ya nusu ya vifo vya silaha za moto nchini Marekani ni vya watu waliojiua.

Limebaki jambo ambalo naona muuzaji hakukueleza, nalo linagusa sababu yenyewe ya ununuzi wako. Tangu mwaka 2021 mtu mwenye umri wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola Texas bila kibali, lakini kuingia nayo ndani ya hospitali bila idhini ya maandishi kunakatazwa. Maana yake ni kwamba shemeji ataiacha ndani ya gari, kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye fremu ya kiti ili wezi wasiondoke nacho, na saa ile anapovuka maegesho, bastola iko upande wa pili wa giza. Kwa hatua zile anahitaji mlinzi wa kumsindikiza, taa inayowaka na nafasi ya kuegesha karibu na mlango. Hayo ayaombe kwa msimamizi wake kwa maandishi wiki hii, msingoje mpaka bastola inunuliwe.