Figo ya kaka, macho ya baba: majibu ya wiki hii

Kaka anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kikao cha familia kimeamua mimi ndiye nimpe figo kwa kuwa sijaolewa. Naogopa, ila nikikataa wataona nimemuua. (Kondele, Kisumu)

Dada, kikao hakina figo, unayo wewe. Sheria ya Afya ya 2017 inadai ridhaa yako, tena kwa maandishi, na kutoolewa si kipimo cha maabara. Omba kuonana na daktari peke yako, shangazi abaki nje kabisa, si mlangoni. Mwambie hutaki. Madaktari waangalifu huiambia familia kwamba "hafai", basi, bila kutoa sababu, maana watu hukataliwa kila mara kwa presha, sukari au kundi la damu. Wapo wanaoliona hilo kuwa uongo. Mimi sioni: anayesukumwa kweli hafai kutoa. Unaweza kubadili nia hata ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji.

Nikimpa mke wangu figo, nitalima tena? (Njoro)

Utalima. Figo inayobaki hujiongezea kazi, na hata hunenepa kidogo. Kwa wiki sita hivi usiguse gunia. Baadaye upimwe presha na mkojo kila mwaka, na uache kumeza ovyo vidonge vya maumivu. Mkeo ndiye atakayemeza dawa kila siku, mwili wake usiikatae figo hiyo.

Baba anataka akifa macho yake wapewe wasioona. Watu watamtazamaje kwenye jeneza? (Mumias)

Watamtazama kama kawaida. Kinachopandikizwa ni konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, na humfaa yule ambaye konea yake imeharibika, si kila kipofu. Hata jicho zima likitolewa, kope hufungwa vizuri. Shida ni muda: konea hutolewa saa chache baada ya kifo, na sisi huku mwili hulala mochari wiki nzima tukichanga. Kwa hiyo baba aandike sasa, mashahidi wawili watie sahihi, nanyi mwulize mapema hospitali ya macho kama inapokea.

Kuna mtu yuko tayari kuninunulia figo. Si mwili ni wangu? (Langas, Eldoret)

Ni wako, lakini sheria ile ile inakataza kuuuza: faini hadi shilingi milioni 10, jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Kurudishiwa gharama zako halisi unaruhusiwa, bei, hapana. Madai ya 2025 kuhusu biashara ya figo hapo Eldoret mnayakumbuka. Kidonda kikianza kutoa usaha, dalali hatapokea simu. Futa namba yake.