Ujumbe wa RunDLL unaobaki baada ya kirusi kuondolewa

Ndugu, umeeleza kwamba kirusi kimeondolewa, lakini kila unapowasha Windows hutokea kisanduku cha RunDLL (sehemu ya Windows inayoendesha faili za .dll, yaani faili zenye msimbo unaotumiwa na programu) kinachosema faili fulani ya .dll haikupatikana. Kwa kawaida ujumbe huo hutokea kwa sababu faili ya kirusi imefutwa ilhali agizo la kuiita kompyuta inapowaka limesalia, ama kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ama kwenye ratiba ya kazi (Task Scheduler, orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe), kwa hiyo Windows huitafuta na kuikosa.

Nakusihi usipakue faili yenye jina hilo kutoka kwenye intaneti ili kuziba pengo, kwani unaweza kukirudisha kirusi kilekile. Pakua Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoorodhesha vyote vinavyojiwasha pamoja na Windows, uifungue kwa mamlaka ya msimamizi, kisha utafute jina lililoandikwa kwenye kisanduku. Maingizo ambayo faili zake hazipo hupakwa rangi ya njano, ingawa si kila lenye njano ni la kirusi. Ondoa tiki kwenye lile linalohusika tu, bila kulifuta, kisha uwashe kompyuta upya. Ujumbe ukitoweka, unaweza kulifuta.

Iwapo faili za Windows yenyewe nazo zimeharibika, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka hayohayo ya msimamizi, uendeshe amri sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha faili hizo. Ikishindwa kurekebisha baadhi yake, endesha amri DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayokarabati akiba ambayo sfc huitegemea, halafu uirudie sfc. Intaneti ikigoma, kagua mpangilio wa proksi (kompyuta ya kati ambayo mawasiliano ya intaneti hupitia), kwa kuwa baadhi ya virusi huubadilisha.