Jibu: Watoto wa mbuzi na kuku banda moja

Ndugu, umeuliza kama watoto wanne wa mbuzi wa miezi miwili wanaweza kulala banda moja na kuku. Paa moja, sawa. Chumba kimoja, hapana.

Hatari kubwa ni chakula cha kuku. Kina nafaka nyingi iliyosagwa, na mtoto wa mbuzi akikivamia tumbo hugeuka kuwa na asidi: anasimama ameinamisha kichwa, anasaga meno, upande wa kushoto umevimba, kisha anahara. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukiona hivyo, ondoa nafaka yote, mpe majani makavu tu, na umwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo gawa banda kwa wavu mgumu kutoka sakafuni hadi darini. Ule wavu laini wa kuku, mbuzi huuegemea mpaka ukachanika. Tundu la kuku kupitia liweke juu, mita moja hivi kutoka sakafuni, wapande kwa fito nyembamba. Usiweke ubao mpana, mbuzi wataupanda.

Fito za kulalia kuku zisiwe juu ya hori wala ndoo ya maji. Mavi ya kuku hubeba bakteria wa salmonela, na mbuzi wadogo wakiwapata huhara vibaya. Kokidia (vijidudu vya utumbo vinavyoleta kuhara) wa kuku hawaambukizi mbuzi, ila mbuzi wana wao, nao hustawi kwenye unyevu. Matandazo yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo.