Wanakariri kontua, lakini mlima wanachora pembetatu

Swali: Nafundisha watoto wa miaka 9 hadi 11. Wanajua kwa kichwa kwamba kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, lakini nikiwapa ramani ya Mlima Kilimanjaro wanachora pembetatu. Tulitengeneza mlima kwa karatasi na gundi. Ukapasuka, wala haukufanana na ramani. Tulikosea wapi?

Jibu: Mwalimu, gundi ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba watoto walipewa mistari kabla hawajaona inatoka wapi. Waanze na mlima, ramani ije baadaye.

Kila kikundi cha watoto wanne kipate beseni bapa lenye kina cha sm 10, rula na plastisini. Wafinyange mlima wa sm 8 wenye vilele viwili visivyolingana, upande mmoja mkali na mwingine wa taratibu. Udongo wa mfinyanzi nao unafaa ukiwa bado na unyevu, ila msiuache ukauke, maana udongo mkavu usiochomwa hubomoka majini na mistari itafutika. Mimineni maji hadi sm 1. Mtoto akwaruze kwa kijiti pale maji yanapougusa mlima, auzunguke wote. Ongezeni hadi sm 2, akwaruze tena, na kuendelea hivyo mpaka kileleni.

Mwageni maji, funikeni beseni kwa plastiki angavu, kisha mtoto anakili mistari kwa kalamu isiyofutika. Afumbe jicho moja na kichwa kiwe juu kabisa ya sehemu anayochora. Akichungulia kwa pembeni, duara za juu zinahama na mlima unaonekana umeinama. Kosa hili hutokea karibu kila kikundi, kwa hiyo simama karibu nao.

Plastiki ikiondolewa, ramani iko mikononi mwao. Upande mkali mistari imebanana, upande wa taratibu imeachana, na mahali fulani duara moja limegawanyika kuwa mawili. Usiwaeleze sababu, waulize, kisha uwape muda.

Sasa Kilimanjaro. Kwenye ramani ya skeli ya 1:250,000, sm 1 ni km 2.5, hivyo mita 500 za kimo ni mm 2 tu. Ukikata kila tabaka la mita 500 kwa kadibodi ya boksi yenye unene wa mm 4, umekuza kimo mara mbili. Si vibaya, lakini iandikwe kwenye ufunguo wa ramani, maana bila hivyo watoto wataamini miteremko ni mikali kuliko ilivyo. Kuanzia mita 1,000 hadi 5,500, kila mita 500, unapata tabaka 10, yaani sm 4. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ina mita 5,895. Zile 395 zinazobaki ni kidonge cha plastisini cha mm 3. Tabaka la mita 5,000 litakuwa na vipande viwili, kwa kuwa Mawenzi, kilele cha pili, inafika mita 5,149. Kwenye 5,500 Mawenzi haipo tena, na watoto waliogawanya duara lao wenyewe watajua kwa nini.

Usikate ramani yenyewe. Kwa kila tabaka, nakili mistari miwili kwa karatasi ya kaboni: mstari wake, utakaokatwa, na mstari wa tabaka la juu yake kwa nukta, ili mtoto ajue pa kubandika. Weka na mshale wa kaskazini. Pasipo nukta, kila tabaka litasogea kidogo, na ukifika juu kilele kiko mahali pengine.

Mlima wenu ulipasuka kwa sababu karatasi zilipakwa nene kwa mara moja: nje zikakauka na kusinyaa, ndani bado mbichi. Mkitaka kufunika, tumieni vipande vidogo, tabaka mbili kwa wakati, zikauke kabisa kabla ya nyingine. Lakini heri kuacha ngazi wazi, maana zile ngazi ndizo kontua. Mkipaka rangi, fafanua kwamba kijani ni nchi ya chini. Watoto wengi huisoma kama msitu.

Mkimaliza mlima mkataka maporomoko, badilisheni skeli. Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Viktoria) yana kimo cha mita 108, hivyo kwa kontua za mita 500 yanaweza kupotea kabisa. Upana wake ni mita 1,708: kwenye 1:250,000 haufiki mm 7, ila kwenye 1:10,000 ni sm 17, na kimo kinazidi sm 1 kidogo. Hapo mtoto anaweza kukigusa kwa kidole.